Kitabu cha Pumzi Wakati wa Ugonjwa wa Pumzi

Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa taamuli mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Kitabu chake, Full Catastrophe Living, kilitoka mwaka 1990. Mimi nilikisoma Nyamisati, mwezi wa Aprili 2020, shule zikiwa zimefungwa tangu Machi na mwalimu sina wa kumfundisha.

Masharti yake ni wiki 8, siku 6 kwa wiki, dakika 45 kila siku. Ulale chali au ukae, uifuate pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakitoroka uyarudishe bila kujikaripia. Kuna na zoezi la kula zabibu moja polepole, kana kwamba hujapata kuiona zabibu. Sikuwa nayo, nikatumia korosho. Kusema kweli ilinoga.

Lawama yangu ni hii. Korona hushika kifua. Mtu anayeogopa kukosa pumzi, ukimwambia aisikilize pumzi yake, umemkabidhi hofu yenyewe. Usiku nililala chali nikipima: hii si fupi kuliko ya jana? Baba mdogo alikuwa akikohoa chumba cha pili, na mara nyingi nilijikuta naifuata pumzi yake badala ya yangu. Mwezi Mei takwimu zikakoma kutolewa, hesabu ikiwa wagonjwa 509 nchi nzima. Tangu hapo kila mtu alijihesabia mwenyewe.

Rais alikuwa ameita siku 3 za maombi, Aprili 17 hadi 19, na kwetu uradi uliendelea kusomwa. Katika dhikri pumzi huvutwa pamoja, wala hapana anayeichunguza ya kwake. Ila bega kwa bega ndiyo njia ya ugonjwa huo, kwa hiyo sidai kwamba sisi tulikuwa na jibu alilolikosa Mmarekani.

Na haki yake nimpe. Kitabu hichohicho kina zoezi la kukaa na sauti, si pumzi, nami nililiruka. Siku moja mtumbwi wetu ulipwelewa katikati ya mikoko. Ikabidi tungoje maji yajae, saa nne nzima. Nikasikia tope likitatarika, kaa wakikwaruza mizizini, nahodha akikomba maji kwa kopo. Kifua changu sikukikumbuka hata mara moja.

Niliporudi baba mdogo alikuwa bado anakohoa. Nikamchemshia chai ya tangawizi, nikakaa mlangoni mpaka akalala.