The Flame Trees of Thika: Siri Iko Kwenye Filamu

Tamthilia ya The Flame Trees of Thika ilionyeshwa Uingereza mwaka 1981 kwa vipindi saba, na wakusanyaji wangali wanaitafuta. Wengine huvutiwa na Hayley Mills, aliyeigiza Tilly, mama wa familia ya walowezi. Kwangu mimi, thamani yake hasa ni namna ilivyopigwa picha.

Enzi hizo tamthilia nyingi za Uingereza zilichanganya video ya studioni na filamu ya nje. Mhusika akitoka tu mlangoni, rangi, mwanga na hata mwendo wa mikono yake hubadilika ghafla. Euston Films, kampuni iliyoitengeneza tamthilia hii, haikufuata njia hiyo. Ilipiga kazi nzima kwa filamu, hivyo jua la Kenya linaingia hadi ndani ya nyumba ya nyasi bila picha kukatika. Tena, video ya wakati huo haipiti mistari yake 625, ilhali filamu ikitunzwa vizuri huskaniwa upya na kutoa picha safi zaidi.

Ugumu ulikuwa kwenye hadithi. Kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959 ni kumbukumbu za utotoni, si kisa kimoja chenye mwanzo na mwisho. Mwandishi John Hawkesworth na mwelekezi Roy Ward Baker walimtegemea Elspeth mdogo, aliyeigizwa na Holly Aird. Mapenzi ya wahusika wawili watu wazima, Lettice na Ian, yanapita mbele ya macho yake. Yeye anayaona, mtazamaji ndiye anayeyaelewa.

Jicho hilohilo la mtoto ndilo pungufu la tamthilia hii. Wakikuyu wanaonekana zaidi wakiwa kazini kwa mlowezi, na uchungu wa kupoteza ardhi haupewi nafasi unayostahili. Ndiyo maana nasisitiza iwekwe rafu moja na riwaya ya Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o.

Kwa mnunuzi wa Thika au Ruiru: kanda ya VHS ya Marekani ni ya mfumo wa NTSC, na deki ya PAL pekee haitaicheza sawasawa. DVD nayo ikague alama ya eneo. Ya Marekani ni 1, ya Kenya ni 5. Ukiipata nzima, itunze na uwaonyeshe vijana. Mashamba ya kahawa ya huku yanazidi kugeuka mitaa ya nyumba, nao wanastahili kujua ardhi hii ilivyosimuliwa, na nani aliyepewa nafasi ya kuisimulia.