Badilisha jina la mhusika, uone kama hadithi itaanguka

Vijana wetu wanaandika sana siku hizi, na ni jambo la kufurahia. Lakini nikisoma hadithi kumi, nakutana na watu walewale: mwanafunzi maskini mwenye akili, mama wa kambo mwenye roho mbaya, pasta mwongo, mukubwa wa ofisi anayekula feza za watu. Mwanzoni tunaambiwa sifa zao: mrefu, mpole, anamwogopa Mungu. Halafu mambo yanawaangukia moja moja mpaka mwisho, na mafundisho yanakuja.

Kuna jaribio moja dogo. Toa jina la yule kijana, weka la jirani yake. Hadithi inatembea vilevile? Basi hakuna mutu mule ndani. Kuko jina tu.

Mhusika hajengwi na orodha ya sifa. Anaanza kuishi pale anapotaka vitu viwili visivyoweza kukaa nyumba moja, na akalazimishwa kuchagua. Alichochagua ndicho kinasukuma hadithi mbele. Niko nasema hivi nikiwa na vitabu viwili mkononi, kimoja cha kwetu, kingine cha ng'ambo ya ziwa.

Cha kwetu ni *Entre les eaux* cha V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970. Kilitoka mwaka 1973. Wengi tulikisoma shuleni kwa haraka, juu ya mtihani, tukaandika kwamba kinahusu Kanisa na mapinduzi. Ni kweli, lakini kama kingekuwa hivyo tu, leo kingekuwa kimekufa pamoja na mabishano ya wakati ule.

Kinaishi kwa sababu ya Pierre Landu. Ni padri, amesomea Roma, ana elimu na adabu za Ulaya. Anaona Kanisa lake limekaa upande wa wenye nguvu, anaacha parokia, anaingia porini kwa waasi wenye kufuata Marx. Mwandishi dhaifu angeishia pale: padri jasiri amechagua maskini. Mudimbe anaona shida inaanzia pale. Landu anataka kuwa ndugu wa maskini, na papo hapo anataka kubaki msafi. Anataka kuvunja nyumba, lakini haachi kumwomba ruhusa mwenye nyumba. Porini anavaa nguo za mpiganaji, na macho yanabaki ya padri: anawapima wenzake, na wao wananusa hilo. Hawamwamini.

Halafu anamwandikia askofu wake barua. Hapo nawaomba tusimame kidogo. Ile barua inashikwa na waasi, Landu anahesabiwa msaliti, anahukumiwa kufa. Sasa jiulize: nani mwingine katika kambi ile angeandika kwa askofu? Hakuna. Hatari haikuanguka kutoka juu kama mvua. Imetoka ndani ya mtu huyu, kutoka lile hitaji lake la kueleweka na baba aliyemkimbia. Weka padri mwingine pale, mwenye hasira tu au mwenye imani tu, na kitabu chote kinabomoka. Jeshi la serikali linashambulia, Landu anapona. Baadaye anaoa, ndoa inamshinda, anaishia kwenye monasteri akiwa na jina jipya. Hata huo si ushindi, ni mtu aliyechoka kuchagua. Jina la kitabu lilishatuambia: kati ya maji, bila ukingo.

Kitabu cha pili ni *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, Tanzania. Kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilikatazwa mashuleni kule. Waliokikataza waliona uchafu. Mimi naona somo kuhusu baba. Zakaria ni mlevi, nyumba yake inalegea mbele ya macho yake, lakini siku anayogundua barua ya mvulana kwa binti yake, anampiga Rosa vibaya sana. Juu ya nini? Mtu asiyeweza kulinda chochote analinda kitu kimoja kilichobaki cha kumpa heshima: usafi wa binti. Kipigo kile kinamtuma Rosa shule ya bweni na woga tu, bila kujua namna ya kusimama mbele ya mwanaume. Woga unageuka, unakuwa kinyume chake, na mwisho Rosa anajiua. Na ana jina la Mama Maria, lile tunalolisikia katika litania! Anapoanguka, baba alishatengeneza njia zamani, akifikiri anaifunga.

Zakaria si mtu mwema, na mwandishi hamtetei. Anampa sababu, basi. Mhusika mbaya asiye na sababu ni kama sanamu ya majani shambani: inafukuza ndege, haimtishi mtu.

Sisemi vitabu hivi havina kasoro. Katika *Entre les eaux* wanawake ni wembamba mno. Kaayowa, mke wa Landu, tunamwona kupitia macho ya mume tu, na mume huyo haoni mtu mwingine vizuri. Unaweza kusema ni makusudi, kwa kuwa Landu mwenyewe ndiye anasimulia na upofu wake ni sehemu ya ugonjwa wake. Sawa. Lakini nikifunga kitabu sijui Kaayowa alitaka nini, na hilo ni pengo. Kijana anayetafuta riwaya ya kuandika angeweza kuanzia pale.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Katanga tuko nalo mkononi na tunalitupa: lugha. Mtu wa Lubumbashi anazungumza Kifaransa na mkubwa wake asubuhi, Kiswahili cha mtaani sokoni, Kiluba au Kibemba na bibi yake jioni. Kila anapobadilisha, kuna kitu anatafuta au anaficha. Fikiria baba aliyekosa minervali ya watoto. Mkewe anamuuliza kwa Kiswahili, "Feza iko wapi, baba Kalenga?" Yeye anajibu kwa Kifaransa kirefu, cha ofisini. Hauna haja ya kuandika "alisikia haya". Haya yake imeingia ndani ya Kifaransa. Kikundi cha Mufwankolo kilijua siri hii zamani: mtu akifungua kinywa tu, watazamaji wanacheka kwa sababu wamekwisha kumjua. Lakini katika hadithi zetu nyingi mama wa sokoni, mwanasheria na mlevi wanaongea lugha moja, ile ya Biblia. Batu gani banaongea vile nyumbani?

Kuna watakaosema: mambo haya ya mhusika mmoja na moyo wake ni ya Bazungu, kwetu mtu ni jamaa yake. Nawajibu kwamba jamaa ndiyo inayofanya mvutano kuwa mkali zaidi. Rosa anavutwa na baba, Landu na Kanisa lililomlea. Mtu asiye na ndugu anachagua kirahisi. Na mababu zetu walijua kujenga mhusika bila kumweleza: Kalulu hatuambiwi ana akili, tunamwona anavyotoka mtegoni. Tofauti ni kwamba Kalulu hatabadilika kamwe. Riwaya inauliza: siku Kalulu akichoka kudanganya, itakuwaje?

Kwa nini nalisimamia jambo hili? Chukua hadithi ya mchimbaji wa Kolwezi, maana zinaandikwa nyingi. Kijana maskini, baba alikufa, anachimba kobalti, shimo linaanguka, anakufa. Tunasikitika, tunasahau. Redio inatangaza vivyo hivyo: idadi, mahali, rambirambi. Hadithi ikifanya kama redio, imemzika mara ya pili bila jina.

Sasa mpe matakwa mawili. Alimwapia mama yake kwamba hatashuka tena. Papo hapo, mdogo wake ameanza kuja machimboni naye, na hataki mdogo wake ajue kwamba anaogopa. Asubuhi ile udongo una maji, wazee wanasita. Yeye anashuka wa kwanza. Wenye kununua madini yale kwa bei ya bure bado wana hatia yao yote, haijapungua hata gramu moja. Lakini aliyekufa ni mtu, na msomaji atamkumbuka kwa ile hatua moja aliyochukua kuelekea shimo. Nchi yetu ina wafu wengi wa kuhesabiwa. Kazi ya mwandishi ni kuhakikisha angalau mmoja hahesabiwi tu.

Basi kijana unayeandika, kabla ya ukurasa wa kwanza jiulize maswali matatu. Mutu wangu anataka nini? Anataka nini kingine kinachokataza kile cha kwanza? Na ni tendo gani ambalo yeye peke yake, kati ya watu wote wa mtaa ule, angelifanya? Ukikosa jibu la tatu, usianze bado. Kaa naye kwanza, msikilize anavyomjibu mama yake.

Na ninyi wasomaji, tajeni mhusika mmoja, wa kitabu au wa teatro, ambaye ukibadilisha jina lake hadithi inaanguka. Tumjadili.