Maji moto chini ya mawingu ya Bukoba

Mteja wa TANESCO aliye kwenye tarifu ya matumizi madogo hulipa Sh 9,150 kwa uniti 75 za mwezi, yaani Sh 122 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada inapanda hadi Sh 427, na akizoea kuvuka anahamishiwa tarifu ya kawaida ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni takribani Sh 356. Elfu kumi yake sasa inampa uniti 28 tu. Hizi ndizo bei zilizozoeleka kwa miaka mingi, na ndizo zitakazotumika katika hesabu hii.

Sasa weka kwenye bafu la mteja huyo ile shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, ya kilowati 5.5. Watu watano wakioga dakika sita kila mmoja, shawa imefanya kazi nusu saa: uniti (yaani kilowati-saa) 2.75 kwa siku, zaidi ya 82 kwa mwezi. Hapo hujawasha balbu, hujapiga pasi, hujachaji simu. Kifaa kinachouzwa dukani kwa bei ya kuvutia kimekula posho yote ya tarifu ndogo na kuvuka. Familia za Kashai, Hamugembe na Rwamishenye zinazolalamika kwamba Luku inakimbia siku hizi zingeanza upelelezi bafuni.

Na kwa hali ya hewa ya huku, maji moto si anasa. Mji wa Bukoba uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto ni nyuzi 20 hivi, na ukipanda Kamachumu baridi ya alfajiri haitanii. Kwa hiyo ushauri wa kuoga maji baridi tuuweke kando. Swali ni namna ya kuyapasha bila kuumia.

Jibu la haraka ni jua, na ndipo makosa yanapoanza. Watu wanasikia kwamba Tanzania ni nchi ya jua, wananunua mtambo uliopangiliwa kwa Dodoma au Dubai, wanaufunga Bukoba, kisha Aprili wanaoga maji ya uvuguvugu na kusema sola ni utapeli. Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Jua lipo, lakini si lile la Kanda ya Kati. Kwa kupanga mtambo, mimi ningechukua kilowati-saa 4.5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na ningejua kwamba wakati wa masika kuna siku zitakazotoa nusu yake.

Mawingu hayo yana ratiba. Usiku upepo wa nchi kavu unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati, ngurumo zinajengeka juu ya maji, na pepo za mashariki zinazisukuma mpaka ufuko wa magharibi. Ndiyo maana mvua ya Bukoba hupenda kunyesha alfajiri na asubuhi, kisha mchana anga ikafunguka. Mtu anayefunga sola akijua hilo hatahangaika kulielekeza bamba mashariki lipokee jua la kwanza. Akiwa na uchaguzi wa upande wa paa, achukue unaotazama magharibi au kaskazini-magharibi. Tuko karibu mno na ikweta, nyuzi moja na nusu hivi kusini yake, kwa hiyo suala la kaskazini au kusini halina uzito mkubwa kama lilivyo Afrika Kusini au Ulaya. Mwinamo ndio usiopuuzwa. Bamba lililolala kabisa lingevuna vizuri kwa latitudo yetu, lakini maji hayatazunguka yenyewe na vumbi halitaoshwa na mvua. Nyuzi 15 zinatosha, na mapaa mengi ya Kagera yameinuka kiasi hicho au zaidi kwa sababu ya mvua hiyo hiyo.

Kuzunguka kwenyewe ni fizikia ya shule ya sekondari. Maji yaliyopata joto ndani ya bamba yanakuwa mepesi, yanapanda kwenye tangi lililo juu, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Hakuna pampu, hakuna umeme, na umeme ukikatika mtambo hauna habari. Kwa kuwa huku maji hayagandi, hatuhitaji dawa ya kuzuia kuganda wala mzunguko wa pili wa mabomba ambao wenzetu wa nchi za baridi wanaulipia. Maji unayooga ndiyo yanayopita kwenye bamba. Mtambo wa aina hii ni rahisi kiasi kwamba fundi bomba mzuri wa Muleba mjini anaweza kuufunga, mradi asikosee vipimo.

Vipimo basi. Watu watano wakitumia lita 24 kila mmoja ni lita 120 za maji ya nyuzi 40. Kuyatoa kwenye nyuzi 20 hadi hapo kunahitaji kilowati-saa 2.8. Mita moja ya mraba ya bamba, kwa jua letu na kwa ufanisi wa asilimia 40, inatoa 1.8. Mita mbili zinatoa 3.6, na hapo kuna akiba ndogo ya kufidia joto linalopotea. Tangi la lita 120 hadi 150 linatosha kabisa.

Hapa ndipo muuzaji anapomshawishi mteja achukue tangi la lita 300 "ili maji yasiishe". Kama bamba linabaki lile lile la mita mbili, zile kilowati-saa 3.6 zinagawanywa kwenye lita 300 na kuyapandisha maji nyuzi 10 tu. Umepata bwawa la nyuzi 30, halikuoshi wala halikukaushi. Lita 120 kwa bamba hilo hilo zingefika nyuzi 45 au 46. Tangi kubwa bila bamba kubwa ni njia ghali ya kupata maji ya uvuguvugu, na nadhani ndicho chanzo cha lawama nyingi ambazo jua linatwishwa bure.

Kuhusu kuchagua kati ya bamba bapa na mirija ya vioo, mirija hupoteza joto kidogo kuliko bamba bapa siku ya baridi na mawingu, kwa hiyo kwa Kamachumu au Nshamba ina faida ya kweli. Kasoro yake ni kwamba kuna aina ambayo maji yenyewe hujaa ndani ya mirija: mmoja ukipasuka kwa mvua ya mawe au kwa embe lililorushwa na mtoto, tangi lote linamwagika juu ya bati. Ile yenye kijiti cha shaba ndani ya kila mrija haina tatizo hilo, kwani mrija ukivunjika unapoteza sehemu yake tu. Mimi ningenunua hiyo, na ningedai mirija miwili ya akiba siku ile ile ya malipo, kwa sababu kuagiza mmoja baadaye kutoka Mwanza ni safari nyingine.

Linalofuata ni suala la uzito. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu na kuharibu maelfu ya nyumba. Mtambo wa lita 150 ukijaa unafika au kupita kilo 200. Kuutundika katikati ya kenchi za mikaratusi zilizopigiliwa kubeba bati peke yake, juu ya kuta za tofali zisizo na linta, ni jambo ambalo mkazi wa Hamugembe hapaswi kuhitaji kuelezwa mara mbili. Uzito ukae juu ya ukuta unaobeba, karibu na kona, na ufungwe kwa nondo au boriti hadi kwenye linta. Kama ukuta hauaminiki, simamisha stendi ya chuma pembeni mwa nyumba na uache paa lipumzike. Inaongeza gharama, ndiyo. Lakini inaondoa pia hitilafu nyingine ya kawaida: simtanki la maji baridi kuwa chini kuliko tangi la sola. Nyumba nyingi zina simtanki kwenye mnara unaofika usawa wa bati, halafu sola inapelekwa juu kwenye kofia ya paa. Maji hayapandi. Fundi analaumiwa, anaongeza pampu, na ule uzuri wa kutotegemea umeme umekwisha.

Mabomba nayo yana hesabu. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20 hubeba karibu theluthi moja ya lita kwa kila mita. Bafu likiwa mita 15 kutoka kwenye tangi, karibu lita 5 za maji yaliyopoa zinamwagwa kabla ya yale ya moto kufika, kila mara mtu anapofungua baada ya muda mrefu. Kwa hiyo tangi liwe juu ya bafu au jirani yake, bomba liwe la PPR na si la plastiki nyembamba linalolegea kwa joto, na livishwe sponji. Kuna jambo la ratiba pia. Tangi linajaa joto saa 10 jioni, na linapoteza kidogo kidogo usiku kucha. Nyumba inayooga jioni inafaidi zaidi kuliko inayosubiri saa 11 alfajiri, kwa mtambo ule ule na bila kuongeza senti.

Kwa siku za mawingu kuna koili ndogo ya kilowati 1.5 ndani ya tangi, na swichi yake iwe mkononi mwako, isijiwashe yenyewe. Saa moja kwa siku kumi za mwezi ni uniti 15. Turudi kwenye Luku. Nyumba iliyokuwa na uniti 50 za matumizi mengine pamoja na shawa ya umeme ilikuwa inalipa kama Sh 47,200 kwa mwezi kwenye tarifu ya kawaida. Ikiwa na sola na hizo uniti 15, jumla ni uniti 65; ikishaomba na kurudishwa tarifu ndogo, inalipa Sh 7,930. Tofauti ni zaidi ya Sh 39,000 kwa mwezi, karibu Sh 470,000 kwa mwaka. Tuseme umeuziwa mtambo na ufundi kwa Sh 1,800,000: fedha yako inarudi kabla ya mwaka wa nne kuisha. Aliyekuwa hatumii shawa ya umeme kabisa hatapata hesabu tamu namna hiyo, na asidanganywe kwamba ataipata.

Pampu ya joto, ile inayonyonya joto la hewa na kutumia theluthi moja ya umeme wa koili, ni kifaa kizuri kwa hoteli. Kwa nyumba ya kawaida ya huku, bei na ufundi wake bado viko mbali.

Vijijini Muleba, ambako maji yanapashwa kwenye mafiga baada ya ndizi kuiva, Luku si hoja. Hoja ni kuni. Lita 60 kutoka nyuzi 20 hadi 40 kwenye mafiga yanayotumia asilimia 12 tu ya moto wake zinakula karibu kilo 2.6 za kuni kwa siku, zaidi ya kilo 900 kwa mwaka, na mtu wa kuzitafuta mara nyingi ni mama au binti. Hapo sihimizi mtambo wa dukani. Pipa lililopakwa rangi nyeusi, likalazwa ndani ya sanduku lenye kioo cha mita moja ya mraba na maranda ya mbao pembeni, likifanya kazi kwa asilimia 35 tu, linapandisha lita 60 kwa zaidi ya nyuzi 20 siku yenye jua. Ndoo sita za kuoga jioni. Usiku linapoa, Aprili linasuasua, lakini kuanzia Juni hadi Agosti kuni za kuogea zinaweza kusahaulika.

Majirani wamejaribu njia mbili za kuwahimiza watu. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012: majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafunge sola itakayotosheleza asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka, na yaliyokuwepo yakapewa miaka 5. Utekelezaji ulisuasua, na mwaka 2018 kanuni zikafutwa. Rwanda, yenye vilima na mawingu yanayofanana na yetu, ilianza mpango wa SolaRwanda kwa ruzuku na mkopo. Sheria inaweza kufanya kazi, kwani Israel iliiweka mwaka 1980 na leo mapaa yake yamejaa matangi. Lakini huko ilikuta mafundi na viwanda tayari. Kwa Kagera naona mkopo ndio unaofaa, na marejesho yake yafuate kahawa na si mwisho wa mwezi. Mkulima wa Muleba ana fedha AMCOS, chama chake cha ushirika, inapomlipa, na mkopo unaomdai Februari sawa na Agosti umeandikwa na mtu asiyemjua.

Serikali nayo ina maslahi yake. Kwa miongo kadhaa mkoa umetegemea umeme wa Uganda unaoingia kupitia Kyaka, na mtambo wa umeme wa maji wa Rusumo wa megawati 80 unagawanywa kwa nchi tatu. Shawa elfu moja za kilowati 5.5 zikiwashwa pamoja saa 1 jioni ni megawati 5.5. Kupunguza mzigo huo mapaani ni nafuu kuliko kuujengea nyaya.

Kwa hiyo unapokwenda dukani, muulize muuzaji maswali mawili kabla ya bei: bamba lina mita ngapi za mraba, na tangi lina lita ngapi. Gawanya lita kwa mita. Jibu likizidi 75, mwambie akuonyeshe jingine.