Mwandiko na moyo: barua za wakubwa wa Heian

Wengi wanaosifu mila ya barua katika jumba la kaisari wa Japani wanaishia kwenye uzuri wake. Sisi tunaona kwamba uzuri huo ulikuwa pia hukumu. Murasaki Shikibu, mwanamke wa jumba aliyeandika Hadithi ya Genji mwanzoni mwa karne ya 11, alilijua jambo hilo vizuri.

Tuanze na mila yenyewe. Wakati wa Heian (794-1185), mji mkuu ulikuwa pale panapoitwa leo Kyoto. Wamama wa cheo walikaa nyuma ya mapazia. Mara nyingi mwanaume alimjua mwanamke kwanza kwa barua, hajaona uso wake. Njo maana kila kitu kilipimwa: rangi ya karatasi, harufu ya ubani, wino mzito ao mwepesi, tawi la maua lililofungiwa barua. Ndani mlikuwa shairi la silabi 31. Aliyetoka kwa mpenzi wake alfajiri alipashwa kumtumia barua asubuhi ile ile. Ikichelewa, ni haya kwa mwanamke.

Kichina kilikuwa lugha ya serikali, mali ya wanaume. Kana, herufi nyepesi za kuandika Kijapani, ziliitwa "mkono wa mwanamke". Hata hivyo wanaume nao walizitumia katika barua za mapenzi. Ki no Tsurayuki, aliyekuwa gavana wa Tosa, alisimulia safari yake ya kurudi mjini mwaka wa 935 kwa kujifanya mwanamke. Kumbe herufi hizo za wanawake njo zilizaa vitabu vinavyosomwa hata leo.

Sasa tumwangalie Suetsumuhana, binti yatima wa mwana wa kaisari katika kitabu cha Murasaki. Barua yake inamfikia Genji kwenye karatasi ya zambarau iliyochakaa kwa uzee, mwandiko wa nguvu wa namna ya zamani, mistari imelingana juu na chini. Genji anaiweka chini bila hamu. Kwake yeye, hukumu imekwisha.

Lakini hadithi haikwishi. Genji anaenda uhamishoni Suma. Nyumba ya binti inabomoka, majani yanafunika kiwanja, watumishi wanakimbia, naye anakataa kuuza vitu vya baba yake. Genji, akiisha kurudi, anapita pale kwa bahati na kumkuta angali akimngojea. Hapo anaona haya, anamchukua chini ya ulinzi wake.

Wengine watasema Murasaki anaendelea kumcheka binti huyo hata mbele. Ni kweli, na sisi hatufichi. Mwandishi alikuwa mtu wa jumba, alipenda mwandiko mzuri. Ila aliweka vipimo viwili pamoja, mkono na uaminifu, akaonyesha kwamba cha kwanza hakiwezi kupima cha pili. Anayesifu karatasi na wino tu amesoma nusu ya kitabu.