Kauli ya Shujaa: Jinsi ya Kuipima kwa Sikio

Ukitaka kujua kama katuni ya shujaa imeandikwa vizuri, igeuzie mgongo. Acha picha iende, wewe sikiliza. Rangi, ngumi na maghorofa yanayoporomoka hulifanya jicho lisamehe maneno mabovu, lakini sikio likiachwa peke yake halisamehe. Hapa Kapata, Kolwezi, zoezi hili halina gharama. Nyumba za mtaa huu, zilizojengwa na kampuni ya madini ya Gécamines kwa ajili ya wafanyakazi wake, zimekaribiana, na televisheni ya jirani utaisikia upende usipende. Watoto waliokosa nafasi ndani husimama dirishani, na walio nyuma kabisa hawaoni kitu, wanasikia tu. Hao wa nyuma ndio ninaowaamini. Wakiirudia kauli fulani kesho yake njiani kwenda shule, ujue kauli hiyo ina nguvu yake yenyewe.

Nianze na ile inayojulikana kuliko zote. Katuni ya Batman iliyoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 1992, kazi ya Bruce Timm na Eric Radomski, ina sehemu 85. Katika mojawapo ya zile za mwanzo, iitwayo "Nothing to Fear", shujaa anatamka maneno ambayo mashabiki wameyashika mpaka leo: yeye ni kisasi, yeye ni usiku, yeye ni Batman. Ukiyakuta hivi kwenye karatasi utayaona ya kawaida. Yeyote mwenye barakoa anaweza kujiita usiku. Lakini tazama yametokea wapi. Adui yake, Scarecrow, amemtia sumu ya hofu. Batman ananing'inia kwenye chombo cha puto juu ya mji, na mbele yake anamwona marehemu baba yake akimwambia kwamba ameiaibisha familia. Kwanza anamkana: wewe si baba yangu. Halafu anaikana aibu. Ndipo yanafuata yale matatu, mafupi, kila moja likipanda juu ya mwenzake, na la mwisho ni jina tu. Majambazi hawahusiki hapo, wala wakazi wa mji. Mtoto anamjibu mzazi.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na vingine vyote vinakitegemea: kauli ya shujaa iwe jibu. Ukimsikia akijitaja, uliza upesi, nani amemwuliza? Kama hakuna aliyeuliza, hata kwa kumtazama vibaya, hilo ni bango la duka. Wazee walilijua jambo hili kabla ya katuni. Majigambo ya Wahaya yalitamkwa mbele ya mtawala, yaani mbele ya mtu mwenye haki ya kudai habari za vita. Kasala, utungo wa sifa wa Waluba, humwita mtu kwa majina ya waliomzaa, na anayeitwa hivyo hawezi kukaa kimya. Kujisifu kwenyewe hakuna ubaya, mradi awepo mtu wa kujisifia mbele yake.

Chukua mfano wa hapa nyumbani. Shefu bandi, yaani kiongozi wa wabaya, amemkamata msichana shujaa sokoni, anamwuliza, "Nani alikutuma?" Mwandishi mvivu atampa msichana hotuba: mimi ni mlinzi wa wanyonge, adui wa dhuluma, mwanga wa Lualaba. Mwandishi anayeijua kazi atampa hivi: "Ule mama ulikulaka mampa yake, haukulipa." Hapo ametajwa mtu, limetajwa deni la mikate, imejulikana na sababu ya msichana kuwepo pale; tena ni maneno ambayo mtu yeyote wa Kapata anaweza kuyasema bila kubadilisha mdomo. Shefu bandi naye amebanwa. Akicheka, atakuwa amekiri kwamba anamjua huyo mama.

Kuna katuni ambazo kauli zake ni kupiga kelele za vita tu. Goldorak ya Wajapani, iliyoingia Ufaransa Julai 1978 na kuwashika watoto wa nchi nyingi zinazosema Kifaransa, ni mfano bora: shujaa wake, Actarus, hutaja silaha kwa jina, kisha silaha hutoka. Hiyo ina utamu wake na mapigo yake, na mtoto hujifunza kuisubiri. Ipime kwa mdundo, usiipime kwa maana, kisha uendelee na mambo mengine.

Mahali pa kukaa zaidi ni kwa adui. Maneno ya shujaa hayawezi kuzidi sana yale anayojibu, kwa hiyo adui akipewa upuuzi, shujaa atajibu upuuzi. Sehemu ya Batman iitwayo "Heart of Ice", iliyoandikwa na Paul Dini na kumpatia tuzo ya Emmy, ndiyo darasa la jambo hili. Victor Fries ni mtaalamu wa baridi kali. Mkewe Nora anaumwa ugonjwa usio na dawa, naye amemlaza ndani ya chombo cha barafu, ndani ya kampuni anayoifanyia kazi, akisubiri dawa ipatikane. Bosi wake, Ferris Boyle, anaona fedha zinapotea. Anakuja na walinzi, anaamuru mtambo uzimwe, na katika vurugu hiyo Fries anageuka kiumbe asiyeweza kuishi nje ya baridi. Wakati hadithi inaanza, huyo huyo Boyle anaandaliwa sherehe ya kupewa heshima kwa ajili ya utu wake.

Hapa Kolwezi, mji ulioota kandokando ya machimbo, hadithi ya mtu aliyeweka mgonjwa wake mikononi mwa kampuni haihitaji maelezo. Ndiyo maana nashauri uisikilize hiyo kabla ya nyingine zote. Sauti ya Fries ni ya mwigizaji Michael Ansara, naye haipandishi hata mara moja. Hafoki wala hacheki kicheko cha adui. Anaongea kama mtu aliyekwisha lia akamaliza, na kila sentensi yake inaelekea kwa mtu mmoja ambaye hawezi kumsikia. Mwishoni, akiwa amefungwa, anaongea na kisanamu cha mchezangoma kilichomo ndani ya tufe la kioo, akimwomba Nora msamaha. Sasa sikiliza Batman anamwambia nini Boyle, aliyeganda barafu mpaka kiunoni mbele ya wageni wake, siri yake ikiwa imekwisha toka. Anamtakia usiku mwema, na kumwita kwa lile jina la heshima alilokuja kulichukua. Basi. Dini hakuandika hotuba kuhusu haki. Alimrudishia mtu neno lake mwenyewe, likiwa zito kuliko lilivyokuwa lilipotoka.

Waswahili wana shujaa ambaye jibu lake linapita hata hilo. Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya zamani zaidi ya pwani ya kaskazini ya Kenya, una mahali pawili ambapo kila mwandishi wa katuni angepaswa kupasoma. Pa kwanza ni gerezani. Liyongo anamtumia mama yake ujumbe kupitia kwa kijakazi Saada: aoke mikate mizuri, na mkate mmoja wa wishwa wenye tupa ndani. Mizuri wataila walinzi. Wa wishwa wataudharau na kumpa mfungwa. Kauli inafanya kazi ya kumtoa mtu kwenye minyororo. Pa pili ni pale mwanawe, aliyehongwa na Sultani wa Pate, anapomwuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo anaiona hila. Anajua swali limetoka kwa nani. Anajibu hata hivyo: sindano ya shaba, kitovuni. Mimi ninayeishi juu ya shaba siwezi kulipita neno hilo haraka, lakini ninachotaka ulipime ni lile jibu lenyewe. Linampa adui silaha, linamwambia mtoto kwamba baba yake amemjua, na bado ni sentensi ambayo mtu angeweza kuisema akiwa amekaa mkekani. Ukikutana na katuni yenye jibu moja la namna hiyo, isamehe makosa yake mengine yote.

Sasa tuje kwenye sauti. Kevin Conroy, aliyemtia Batman sauti na kufariki Novemba 2022, alikuwa na sauti mbili: moja nyepesi kwa Bruce Wayne tajiri, nyingine ya chini kwa mtu wa usiku. Hilo ni la kusikiliza kwa makini, kwa sababu sauti inapobadilika, maneno nayo hubadilika. Wayne huzungukazunguka, Batman hukata. Kwa Kifaransa Batman alipewa sauti ya Richard Darbois, nzito na yenye mamlaka. Nimewahi kuwaza jinsi ambavyo Kolwezi ingeifanya kazi hiyo kwa urahisi ambao Paris haina. Bruce Wayne angeongea Kifaransa cha ofisini, chenye "monsieur le directeur" na tabasamu. Akivaa barakoa, angetoka na Kiswahili cha mtaani. Hakuna mtoto wa hapa ambaye angehitaji kuelezwa kwamba ni mtu mmoja, maana anamwona baba yake akifanya hivyo kila siku ya kazi.

Katuni iliyotiwa Kiswahili ina maradhi yake, na ukiyajua utayasikia kila mahali. Kitenzi chetu kinabeba mzigo mkubwa. "Sitakuachia" ni neno moja, limekwisha taja mwenye kusema, wakati, anayeambiwa na kukataa kote. Mtafsiri akimaliza kulisema anakuta midomo ya mhusika bado inacheza. Hapo hushikwa na wasiwasi, akaanza kujaza: ewe mwovu, hakika, kamwe, katika maisha yako yote. Ukisikia "ewe" mahali ambapo mtu ana bunduki, ujue umesikia pengo likizibwa. Mtafsiri mzuri huliacha pengo, au hulijaza kwa jina la anayeambiwa. Jina ni kijazio kisichoharibu kitu.

Wako pia watafsiri wa filamu, wale wa kusimulia juu ya sauti ya asili. Dar es Salaam ilimpata Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Mtu mmoja anakuwa steringi, adui, mama mzazi na msimulizi, katika kibanda umiza cha video kilichojaa mpaka mlangoni. Wengi huwapima kwa vichekesho vyao. Mimi nawapima kwa jambo jingine: anapotoka kwenye kusimulia na kuingia ndani ya mhusika, je, nimejua bila kuambiwa? Asiyeijua kazi husema "sasa anamwambia kwamba". Fundi hasemi hata hilo. Anashusha pumzi, na tayari yule adui ameingia chumbani. Sikiliza pia kama anaacha sauti ya asili ipite mara mojamoja. Msimulizi asiyenyamaza hajiamini.

Katanga yetu ilikuwa na shule yake kabla ya hayo yote. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi liliigiza kwa Kiswahili cha hapa, redioni na kwenye televisheni, na mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian alilifuatilia likitengeneza mchezo kuhusu madaraka. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walikubaliana juu ya kisa na mpangilio, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake wakati wa mazoezi, akiwa ana kwa ana na mwenzake. Matokeo yake ni mazungumzo ambayo hayawezi kukosa kuwa jibu, kwa kuwa mtu hana ukurasa wa kutazama ila uso wa aliyemsemesha. Na huko Marekani, Andrea Romano, aliyeongoza sauti za Batman, aliwakusanya waigizaji studio moja wakati katuni nyingi zilikuwa zikirekodi kila mtu peke yake. Makundi hayo mawili hayakujuana, lakini yalifika mahali pamoja.

Tofauti hiyo inasikika, na kuisikia ni ustadi unaofundishika. Mwigizaji aliyerekodi peke yake huanza kila kauli kwa nguvu ile ile, kwa sababu hajui mwenzake ameishia wapi. Aliye pamoja na wenziwe hudaka. Sauti yake inaanzia pale ile nyingine iliposhuka, na wakati mwingine inaingia kabla haijashuka. Supa Team 4, kazi ya Mzambia Malenga Mulendema iliyotoka Netflix Julai 2023, ina wasichana wanne mashujaa wa Lusaka, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Isikilize kwa namna hii: fumba macho uone kama unaweza kuwatofautisha wanne hao kwa jinsi wanavyokatizana.

Anayetaka kujizoeza aanze na "Heart of Ice" kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza kama anakijua, mara zote bila kutazama. Halafu achukue yale makabiliano ya Fries na bosi wake penye mtambo, awape watu wawili wa nyumbani wayacheze kwa Kiswahili chao, bila karatasi, na yeye aandike wanapoongeza neno na wanapopunguza. Walipopunguza, mwandishi alizidisha. Walipoongeza, pana kitu alikiachia picha ifanye, na hapo ndipo pa kurudi sasa, macho yakiwa wazi.