Penseli Iliyosoma Miamba

Waliochora ramani za miamba kwa mkono wanazidi kupungua, na kila anayestaafu huondoka na ujuzi ambao hakuna aliyeketi naye kuurithi.

Nilibahatika kumtazama mmoja wao kazini. Karatasi ndefu ya mitetemo ilifunika meza nzima, imejaa mistari myeusi iliyobanana, kila mmoja mwangwi uliorudi kutoka tabaka fulani ardhini. Mzee alichagua mstari mmoja, akaufuata kwa penseli ya njano. Ulipofifia, alisimama, hakubahatisha. Aliikunja karatasi pale njia mbili za upimaji zilipokatana, akailaza juu ya karatasi ya pili, akaangalia kama njano inakutana na njano. Zilipopishana hata kidogo, alichukua kifutio akarudi nyuma. Asubuhi nzima iliishia hapo, wala hakunung'unika.

Alikuwa akitafuta mgongo, yaani mahali miamba ilipokunjwa ikainuka. Mmarekani I. C. White alieleza mwaka 1885 kwamba gesi, kwa wepesi wake, hupanda na kujikusanya kwenye migongo ya namna hiyo. Mwaka 1921 John Clarence Karcher na wenzake walilipua baruti Oklahoma, wakanasa mwangwi wa tabaka zilizofichika. Kwetu, gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, enzi za karatasi na penseli, na tangu 2004 inazalisha umeme Dar es Salaam.

Lakini mgongo wa kwenye karatasi huenda ardhini haupo. Karatasi ile hupima muda, haipimi kina. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, na mawimbi yakienda mita 3,000 kwa sekunde, tabaka liko mita 3,000 chini, maana safari ni ya kwenda na kurudi. Kasi ikiwa 3,300, kina nacho ni mita 3,300. Tofauti hiyo inatosha kuumba kilima kisichokuwapo au kukifuta kilichopo. Kipande cha chokaa ngumu kikikaa juu, mawimbi hukipita mbio, na kila kilicho chini yake huonekana kimeinuka. Hata bonde lililobonyea sana, kwenye data ambayo haijasahihishwa, miangwi yake hupishana na kuchora mgongo wa uongo. Mzee aliyajua yote hayo, ndiyo maana kilima kikipendeza mno alikishuku zaidi.

Kisha zikaja kontua, mistari inayounga sehemu zenye kina sawa, na swali kubwa la mzee: je, mstari unajifunga? Usipojifunga, gesi imepata pa kutorokea.

Leo kompyuta hulifuata tabaka kwa dakika chache, na data za pande tatu huonyesha mengi ambayo karatasi haikuweza. Hilo nalishukuru. Kinachoniuma ni pupa. Rangi hujazwa hadi pale mwangwi ulipokufa kabisa, na kijana huibeba ramani hiyo hadi kwenye kikao bila kuihoji, ilhali kisima kimoja cha baharini hula mamilioni ya dola.

Ninyi mnaofundisha jiolojia, watandazieni wanafunzi karatasi moja ya zamani. Wapeni penseli na kifutio, kompyuta isubiri. Na wale wazee waliobaki, waiteni waje wakae nao sasa, wangali wapo.