Kutendea kwa Heri na kwa Shari: Kauli Moja katika Tafsiri za Garissa

Wafasiri wetu wamezoea kuiona kauli ya kutendea kuwa jambo jepesi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba kiambishi -i- au -e- kikitiwa katika kitenzi, tendo hufanywa kwa ajili ya mtu fulani: pika na pikia, soma na somea. Mafundisho hayo ni nusu tu ya ukweli. Mtu akilalamika kwamba fulani "amenilia chakula changu", aliyefaidika ni mlaji peke yake. Tunaposema kwamba jirani yetu "amefiwa", hatuna maana kwamba marehemu amekufa kwa manufaa ya jirani. Na pakisemwa kwamba mtu "amefanyiwa", bila kutajwa alichofanyiwa, wasikilizaji wengi watadhani ni uchawi, seuze "akifanyiziwa". Kauli hii husema kwamba tendo limemfikia mtu, basi. Kama limemfikia kwa heri au kwa shari, hilo huachiwa jina linalofuata: kumfanyia mtu hisani, kumfanyia uadui, kumtendea wema, kumtendea ubaya.

Kiingereza nacho, kwa juu juu, hakitofautiani nasi. "Do me a favour" na "do me harm" zina umbo moja, na jina ndilo linaloamua. Lakini jina likiondolewa, Mwingereza hana budi kuchagua. Akiuliza "what did he do for you" ametaja heri. Akiuliza "what did he do to you" ametaja shari. Sisi twauliza "alikufanyia nini?" kwa yote mawili, na twategemea sauti na uso wa msemaji.

Jambo hili lingeweza kubaki darasani kama si hali ilivyo Garissa, Wajir na Mandera. Huko Kiswahili mara nyingi husimama katikati ya Kisomali cha raia na Kiingereza cha faili, na pande zote mbili hutenga heri na shari kwa sarufi yenyewe. Kisomali hutanguliza mbele ya kitenzi vijineno u, ku na ka. "Muxuu kuu sameeyay?" huuliza mema aliyokufanyia; "muxuu kugu sameeyay?" huuliza alichokutenda kwa ubaya. Ni kweli kwamba ku ina kazi nyingine, za mahali na za ala, lakini katika sentensi hii mzaliwa wa lugha hasiti. Vivyo hivyo "way noo qaadeen" ni kwamba walituchukulia mzigo, walitubebea. "Way naga qaadeen" ni kwamba walichukua kilichokuwa chetu.

Tazama basi linalotokea katika daraja la kati. Shahidi asema ngamia "way naga qaadeen". Mkalimani, tena mkalimani hodari, asema: "Walituchukulia ngamia." Kiswahili hicho hakina kosa. Lakini mwandishi anayekisikia kwa sikio la Kiingereza anaweza kuandika kwamba ngamia walichukuliwa kwa niaba ya wenyewe. Kuhusu mauaji hakuna atakayekosea. Hapana mtu awezaye kuyaandika ya Garissa ya Novemba 1980 au ya Wagalla ya Februari 1984 kama hisani. Hatari iko katika mambo ya kati, ambayo serikali iliyaita ulinzi au maendeleo na watu wakayaona mateso. Wakati wa vita vya miaka ya 1963 hadi 1967 watu walikusanywa katika vijiji kwa lazima. "Walituwekea vijiji": je, ni neema au ni kifungo? "Walitukusanyia mifugo": wapi mifugo ilipelekwa, na kwa faida ya nani? Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoanza kusikiliza ushahidi Garissa mwaka 2011, maswali ya namna hii hayakuwa ya wanasarufi tu. Ripoti yake iliyokabidhiwa Mei 2013 iliandikwa kwa Kiingereza.

Wako watakaosema mkalimani atumie "walitunyang'anya" na mambo yaishe. Sikubaliani nao. Neno hilo linahukumu, na shahidi hakuhukumu kwa neno. Alitaja mwelekeo tu kwa kijineno kimoja. Afadhali mkalimani arefushe: "walichukua ngamia wetu, nasi tukawakosa." Sentensi ni ndefu, lakini ni ya shahidi.

Nisifahamike kuwa naikashifu kauli yetu. Ina nguvu ambayo Kiingereza hakina, na ushahidi wake upo katika sheria iitwayo Indemnity Act ya mwaka 1970. Sheria hiyo ilizuia mashtaka na madai ya fidia kwa mambo yaliyotendwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, baina ya tarehe 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, maadamu yalitendwa kwa nia njema au katika kutekeleza kazi ya usalama. Angalia wanaotajwa: mtendaji, nia yake na kazi yake. Kiingereza hutosheka na "done". Kiswahili nacho kina "yaliyotendwa", na mfasiri mvivu atakomea hapo. Lakini lugha inampa "waliotendewa" pia, na neno hilo huwaweka watu mahali pa kiima. Hakuna njia ya kulitumia bila kuuliza ni akina nani.

Kuhusu tafsiri za sisisi sina haja ya kusema mengi. "Dawa hii itakufanyia vizuri" ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Dawa humfaa mtu, au humdhuru. "Tafadhali nifanyie fadhila" hurudia shina moja mara mbili. Kubwa zaidi ni "kufadhili", ambalo tangu kambi za Dadaab zifunguliwe mwaka 1991 limekazwa katika maana ya kutoa fedha za miradi, hata mfadhili sasa ana ofisi na gari kabla hajawa na wema wowote.

Watunzi wa kamusi za Kiingereza na Kiswahili, wakifika kwenye "favour", huorodhesha hisani, fadhila, upendeleo, wakaendelea. Ningeomba waongeze chini ya "do" sentensi mbili za "alikufanyia nini?", moja ya heri na moja ya shari, na katika ile ya pili waonyeshe mfasiri wa Garissa anavyoweza kuirefusha.